Taycan mu Lubumbashi: namna ya kuendesha gari kali ya umeme bila kutupa pesa

Watu wakiona ile gari inatoka getini bila kelele wananiulizaka kitu kimoja tu, "Yaya, hii inakula ngapi?" Na jibu yangu imebaki ileile miaka 2 sasa, inategemea ule umeme umeutoa wapi. Gari ni moja, shofa ni mmoja, njia ni ileile ya mtaa wa Golf mpaka katikati ya mji, lakini wiki moja inaweza kukula pesa kidogo kuliko pikipiki na wiki ingine ikakula mazutu (dizeli) kama kamyoneti. Kwa hiyo nitaanza na umeme, kisha njo tufike kwenye mguu wa shofa na kwenye pine (matairi), juu watu wengi wanaanza kwa kuogopa mguu wakati pesa inavujia fasi ingine kabisa.

Gari naongelea hapa ni Porsche Taycan Turbo ya 2020, ilinunuliwa imetumika kidogo Dubai, ikapita bandari ya Dar es Salaam, ikavuka Zambia juu ya lori mpaka Kasumbalesa, pale unaingilia Kongo. Ni ya patro (bosi) wangu, mimi naiendesha na kuitunza. Batri yake imeandikwa kilowati-saa 93.4 lakini unayoweza kutumia ni 83.7, ile ingine gari inaificha kwa kujilinda. Uzito ni kilo 2,300 hivi, nguvu za farasi 680, na kutoka 0 mpaka 100 ni sekunde 3.2. Kama uko na Tesla Model S, Audi e-tron GT, Mercedes EQS au Lucid, karibu yote nasema hapa inakuhusu pia, badilisha namba tu.

Hesabu ianze kwenye ukuta

Ekra (skrini) ya mbele ya usukani haikwambii bei. Inakwambia umeme uliotoka ndani ya batri ukaenda kuzungusha mota na vitu vingine vya gari, basi. Ule uliopotea wakati wa kuchaji haiuhesabu, na huo umeshaulipia. Daftari yangu inaonyesha hivi: mwendo wa mjini ekra inaandika kilowati-saa 24 kwa kilomita 100, mita ya ukutani inaandika 27 nikichaji na trifaze (umeme wa faze tatu), na inapanda mpaka 30 nikichaji na prizi (soketi) ya kawaida ya nyumba.

Kwa nini prizi ya kawaida inapoteza zaidi? Juu gari ikiwa inachaji hailali. Kompyuta zake ziko macho, pampu ya kupooza batri inazunguka, na hivyo vyote vinaweza kukula wati 200 au 300 muda wote gari imechomekwa. Sasa kama unaingiza kilowati 2.2 tu (volti 220 mara ampea 10), wati 300 ni sehemu moja kwa 7 ya umeme wako inaenda bure. Ukiingiza kilowati 11, wati zilezile 300 hata hauzisikii. Watu wanafikiri kuchaji polepole ni kuhurumia mfuko, kumbe kwa upande wa fakitire (bili) ni kinyume.

Kwa hiyo kitu ya kwanza kununua mbele ya kitu ingine yote ni mita ndogo ya kupimia, zile zinakaa ndani ya kisanduku cha dijonkta (swichi za kukata umeme), fundi anaifunga kwenye waya ya gari peke yake. Kila Jumamosi andika namba mbili, ya mita na ya kilomita. Mwisho wa mwezi gawanya. Kisha chukua fakitire yako, gawanya pesa uliyolipa kwa kilowati-saa zilizoandikwa, usichukue bei ya jirani juu kategori zinatofautiana, nyumba ya kuishi haina bei moja na depo au ofisi. Tuseme kwako inatoka dola 0.10 kwa kilowati-saa. Basi 27 mara 0.10, ni dola 2.70 kwa kilomita 100. Weka bei yako mwenyewe fasi ya hiyo, lakini hesabu ni hiyo.

Prizi

Hapa nitakaa kidogo juu ni fasi niliogopa kwelikweli.

Mwezi wa kwanza tulikuwa tunachaji na prizi ya garaji, ile iliyokuwa ya kuchomeka mashine ya kuosha gari. Fundi mmoja alikuwa ameiangalia akasema haina shida. Usiku mmoja kwenye saa 7 hivi sentineli (mlinzi) akanigongea dirishani, "Yaya, kuja uone, kunanuka plastiki ku garaji." Nikakimbia bila viatu. Nilivyoweka mkono kwenye ukuta kando ya prizi, ulikuwa wa moto kama sufuria ya bukari imetoka tu kwenye makaa. Prizi ilikuwa imegeuka kahawia, tundu moja limeyeyuka limekuwa refu kama yai. Nikashusha dijonkta kubwa ya nyumba nzima, ndipo nikachomoa. Asubuhi tulivyofungua ndani tukakuta skrubu moja haijakazwa sawasawa, na waya iliyokuwa nyuma ni nyembamba, milimita 1.5.

Gari ya umeme haifanani na friji wala pasi. Pasi inavuta umeme dakika moja inapumzika. Gari inavuta bila kupumzika masaa 10, masaa 20, na fasi yoyote iliyolegea itajionyesha. Halafu joto kwenye waya halipandi sawasawa na ampea, linapanda kwa mraba wake: ukitoka ampea 10 ukaweka 16, joto inakuwa mara 2.56. Kwa hiyo mtu asikwambie "ongeza kidogo tu".

Na volti zetu za jioni munazijua. Saa moja mpaka saa nne usiku kila nyumba inapika, zinaweza kushuka mpaka 180. Pale gari inaendelea kuvuta ampea zilezile 10 lakini inapata kilowati 1.8 tu, waya inapata moto uleule, masaa yanaongezeka, na zile wati 300 za kompyuta zinaendelea kukula. Usichaji jioni. Weka saa ndani ya gari ianze kuchaji saa 6 za usiku, nyumba zimelala na volti zimepanda. Na usipitishe gari kwenye kile kiregilatere (cha kusawazisha volti) kidogo cha televisheni, kitaungua.

Njia nzuri ni hii. Gari ipate waya yake peke yake kutoka kisanduku kikubwa, na dijonkta yake, na difaransyeli yake (inakata umeme ukivuja), na tera ya kweli, nondo ya shaba imechimbwa chini na imepimwa. Bila tera gari nyingi zinakataa kabisa kuchaji, na ziko na haki. Kama kwako trifaze inafika, ampea 16 kwa kila waya inakupa kilowati 11, na kutoka asilimia 20 mpaka 80 (ni kilowati-saa 50) ni masaa 5 hivi. Kwa prizi ya ampea 10 kazi hiyohiyo inachukua zaidi ya siku nzima na usiku wake. Kama hauna trifaze, uliza kama chaja ya ndani ya gari yako inakubali ampea 32 kwa faze moja, hiyo inafika kilowati 7.

Unene wa waya pia ni pesa. Garaji yetu iko mita 40 kutoka kisanduku. Waya ya milimita 6 kwa ampea 32 inapoteza njiani wati 240 hivi, na usiku wa masaa 8 ni karibu kilowati-saa 2 zimeishia kupasha ukuta. Waya ya milimita 10 inapunguza hiyo kwa asilimia 40. Patro aliuliza kwa nini nataka ile ya bei, nikamuonyesha hesabu kwenye karatasi, akakubali siku ileile.

Delestaji ikikamata, gurupu inawaka

Delestaji ni umeme kukatwa kwa zamu. Kwa hiyo watu wa hapa wako na gurupu (jenereta) nyuma ya nyumba, na shida kubwa njo iko pale.

Gurupu ya mazutu iliyo sawa, ikifanya kazi karibu na nguvu yake, inatoa kilowati-saa 3 hivi kwa lita moja. Sasa rudi kwenye 27 yetu. 27 gawanya kwa 3 ni lita 9. Maana yake Taycan ukiichaji na gurupu imekuwa gari ya mazutu inayokula lita 9 kwa kilomita 100. Tuseme mazutu ni dola 1.30 kwa lita, ni dola 11.70, zaidi ya mara 4 ya ule umeme wa kawaida. Bado ni chini ya ile jipu ya V8 ya esansi (petroli) iliyokuwa hapa mbele, inayokunywa lita 14 mjini, lakini pesa ilifanya ununue gari ya umeme imepungua sana.

Na inaweza kuwa mbaya kuliko hapo. Gurupu kubwa ya kVA 50 inawaka kwa ajili ya taa tatu na gari inayovuta kilowati 3.5, ile inaweza kukula lita 3 kwa saa hata kama haifanyi kazi ya maana, na unapata kilowati-saa moja tu kwa lita. Hapo unachoma pesa kabisa. Kanuni yangu: siwashi gurupu kwa ajili ya gari. Gurupu ikiwa imeshawaka kwa ajili ya nyumba, pampu ya maji na friji, hapo naweza kuchomeka gari na kilowati nyingi ili gurupu ifanye kazi nzito muda mfupi, kisha natoa. Na gurupu nyingi ndogo hazijafungwa tera na nyutro, gari itaandika kosa na kukataa. Hiyo kazi mpe fundi anayejua, usiunganishe waya mwenyewe.

Dawa ya delestaji ni kutongoja batri ishuke. Umeme ukiwepo, chomeka, hata kama gari iko na asilimia 60. Mimi siruhusu ishuke chini ya 40 siku za kazi, na juu naifunga kwenye 80. Kwa hiyo hata tukikosa umeme siku 2 au 3, gari inatembea kilomita zake 40 kwa siku bila kuomba gurupu. Hii peke yake imetupunguzia mazutu kuliko kitu chochote nimefanya.

Jua

Kama paneli zinawezekana, zifunge pale gari inashinda mchana. Wengi wanazifunga juu ya nyumba, gari inaondoka saa moja asubuhi na kurudi usiku, jua imepita bure, au inabidi uuweke umeme kwenye batri za nyumba kisha uutoe tena uupeleke kwenye gari, na hapo unapoteza tena asilimia 10 mpaka 15. Sisi tulizifunga ofisini.

Paneli 10 za wati 550 ni kilowati 5.5. Siku nzuri ya kiangazi hapa Lubumbashi zinatoa kilowati-saa 18 mpaka 20, hiyo ni mwendo wa kilomita karibu 70. Gari ya kutembea kilomita 40 inataka kama 11 tu. Punguza ampea za gari zisizidi kile paneli zinatoa, chomeka kutoka saa 4 asubuhi mpaka saa 9, na siku ya mawingu ya mwezi wa 1 kubali tu kwamba utapata nusu au chini. Halafu vumbi. Kutoka mwezi wa 5 mpaka wa 9 ile vumbi nyekundu inakaa juu ya paneli kama unga, ukipitisha kidole inaacha mstari. Osha asubuhi mapema mbele kioo hakijapata moto, maji tu na kitambaa laini, kila wiki 2.

Hata umeme wa kawaida wa hapa unatoka kwenye maji, bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira inatoa umeme tangu 1930, na ile njia ya umeme kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1,700, ilimalizika 1982. Na kobalti ya batri za gari nyingi za namna hii inatoka kwenye udongo wa hapahapa Kolwezi na Fungurume. Nikikaa Kasumbalesa naona malori yamepanga mstari yanatoka na mzigo, kisha naangalia gari ya patro iliyoingia kwa njia ileile, moyo unanigusa. Sisi ndio tunapaswa kujua kutunza batri hizi kuliko watu wote.

Mguu, klima na ambuteyaji

Watu wanafikiri kukanyaga sana ndio kunamaliza batri. Tufanye hesabu. Kuifikisha hii kilo 2,300 kwenye mwendo wa 100 inataka nguvu ya kilowati-saa 0.25. Ukifunga breki polepole mota inageuka kuwa jenereta na inarudisha sehemu kubwa ya hiyo. Kwa hiyo kukanyaga mara moja na kusimama inakupotezea labda 0.1, senti moja ya ule umeme wetu wa mfano. Sisemi ukanyage, barabarani kuna watoto na pikipiki na bamama wanavuka na mizigo, nasema tu pesa haiendi huko. Pesa ya kukanyaga inaenda kwenye pine, nitafika.

Kitu kinachokula umeme mjini ni klima (kiyoyozi) ndani ya ambuteyaji (foleni). Mwezi wa 10 joto iko juu, gari imesimama jua kali, klima inavuta kilowati 1.5. Ukiwa unatembea 100 kwa saa hiyo ni kilowati-saa 1.5 kwa kilomita 100, haionekani. Lakini ukiwa umekwama unatembea 15 kwa saa, hesabu inakuwa 10 kwa kilomita 100! Inaongeza karibu nusu ya matumizi yako yote. Ndio maana siku zingine ekra inaandika 33 na mtu anasema batri imekufa. Haijakufa. Pooza gari ikiwa bado imechomekwa ukutani, dakika 10 mbele ya kutoka, umeme unatoka ukutani na batri inabaki nzima. Paki chini ya muembe. Na asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 wakati kunakuwa baridi ya kweli hapa kwetu, fanya vilevile na joto, kisha washa joto ya kiti fasi ya kupasha gari nzima.

Juu ya breki, Taycan haifanani na Tesla. Ukiachilia mguu yenyewe inateleza tu, haijifungi, na umeme unarudi ukigusa kanyagio ya breki taratibu. Angalia mbali, achilia mapema, gusa breki laini na ndefu. Ukiikanyaga kwa ghafla ndio zile breki za chuma zinaingia na umeme unageuka joto. Na batri ikiwa asilimia 100 haina fasi ya kupokea, kwa hiyo dakika za kwanza umeme haurudi vizuri.

Pine ndio mla pesa mkubwa

Msimu wa mvua uliopita nilipita kwenye maji yaliyotulia katikati ya barabara, maji safi kabisa yanaonyesha mawingu, nikafikiri ni ya kina cha kidole. Kulikuwa shimo. Sauti niliyosikia ilikuwa kama mtu amepiga nyundo kwenye mlango. Pine ya nyuma imepasuka ubavuni, rimu imepinda ukingo. Pine ya namba hiyo haikupatikana mjini, tukaagiza Afrika Kusini, gari ikakaa wiki 3 juu ya jeki. Bei ya ile pine moja na usafiri wake ilizidi umeme wa mwaka mzima. Sisi tunatembea kilomita 1,000 kwa mwezi mjini, ni dola 27 ya umeme kwa ile bei ya mfano, 324 kwa mwaka. Jumlisha mwenyewe.

Kwa hiyo jifunze kusoma namba ya pine. Rimu ya inchi 21 ya nyuma imeandikwa 305/30 R21. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya ule upana: asilimia 30 ya 305 ni milimita 92 hivi tu za mpira kati ya shimo na rimu yako. Ile ya inchi 20 ni 285/40 R20, ubavu ni milimita 114. Hizo milimita 22 ndizo zinakuokoa kwenye barabara zetu. Na ni nyembamba zaidi, nyepesi zaidi, zinakula umeme kidogo. Tesla Model S Plaid ya 2021 kwenye kipimo cha serikali ya Marekani ilipata maili 396 na rimu za 19, na maili 348 na rimu za 21. Gari ileile, batri ileile, asilimia 12 imepotea kwa ajili ya urembo wa rimu! Tulitafuta seti ya 20, tukauza zile 21, na sijutii hata dakika moja.

Presha pima asubuhi gari haijatembea, namba yake iko kwenye kibandiko cha mlango wa shofa. Pine za mbele na nyuma hazilingani, kwa hiyo hauwezi kuzibadilishana, za nyuma zitaisha mapema. Ukipunguza kukanyaga kwenye kona na kwenye taa, hapo njo unaona faida. Na ile spensheni ya hewa, ipandishe mbele ya kuingia barabara ya udongo, usingoje usikie tumbo linagusa.

Servisi kwa kifupi. Hakuna vidange (kubadilisha oili) ya mota, hiyo imeisha. Mafuta ya breki badilisha kila miaka 2. Filta ya hewa ya ndani badilisha mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, juu ya vumbi yetu. Breki za chuma hazitumiki sana kwa hiyo zinaweza kushika kutu msimu wa mvua, mara moja kwa wiki, kwenye barabara tupu, funga breki kwa nguvu mara 3 au 4 zijisafishe. Gari ikikaa muda mrefu, usiiache asilimia 100 wala chini ya 20, iache katikati kivulini. Na kumbuka kuna batri ingine ndogo ya volti 12, ikikufa milango na kompyuta zote zinalala hata kama batri kubwa imejaa, na kwenye Taycan hiyo ndogo ni ya lithiamu, bei yake inauma.

Lubumbashi mpaka Kolwezi

Ni kilomita kama 300. Panga safari kana kwamba hakuna chaja ya haraka njiani, na hakikisha pale unafika kuna trifaze na tera.

Kwenye njia ndefu mwendo ndio unaamua kila kitu. Upepo unaozuia gari unapanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 100 kwenda 130 upinzani wa hewa unakuwa mara 1.69. Kwenye daftari yangu, 100 mpaka 105 bila kubadilika ni kilowati-saa 21 kwa kilomita 100, na 130 ni 28. Mara 3 kwa kilomita 300: 63 au 84. Batri yetu ni 83.7. Ukienda 130 haufiki, ni hesabu tu. Hewa ya huku iko upande wetu kidogo, Lubumbashi iko mita 1,200 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kwa asilimia 11 hivi kuliko kule pwani, na mota ya umeme haipotezi nguvu kwa urefu kama ile ya esansi. Kolwezi iko juu kuliko sisi kwa mita 200 na kitu, kupanda huko kunakula kilowati-saa 1.5 tu, na ukirudi unaipata nyingi yake.

Usiku mbele ya safari naifunga kwenye 80, na asubuhi mapema namalizia mpaka 100 ili isikae imejaa masaa mengi. Weka modi ya Range, gari inashuka chini na klima inatulia. Likasi ni kilomita 120, pale njo naamua. Nikifika na asilimia 68 nasonga. Nikiwa chini ya asilimia 60 kwa sababu ya mvua au upepo, nashuka mpaka mwendo wa 85 na sijadiliani na mtu, hata patro anajua. Malori ya madini yakikushika kwenye mlima usikasirike, ile 60 kwa saa inakurudishia asilimia. Usiyapite kwa pupa.

Mara ya mwisho tulifika Kolwezi na asilimia 22. Wenye nyumba walikuwa wametoka barazani kutupokea, nikamuomba patro atangulie. Nikauliza trifaze iko upande gani, nikaangalia dijonkta, nikachomeka, nikasimama pale dakika 20 nzima, kisha nikaweka mkono kwenye prizi na kwenye ukuta kando yake. Baridi. Ndio nikaenda kusalimia.